Saa ya Mkono na Sanaa ya Kujivuna

Mtu avaaye saa ya thamani kubwa huwa amekwisha kusema neno kabla ya kufumbua kinywa. Neno hilo halina sauti, lakini wenzake hulisikia, nao hulijibu: huyu kwa kustaajabu, huyu kwa husuda, huyu kwa kicheko. Kazi ya uhakiki ni kupima maneno, wala hapana sababu ya kuliacha neno hili lipite bila kupimwa kwa kuwa limesemwa kwa chuma na dhahabu badala ya ulimi. Wako watu ulimwenguni leo wakusanyao saa za mkono kama wengine wakusanyavyo vitabu, wakazibadili uso na mishale, wakazipamba kwa vito, kisha wakazionyesha hadharani. Hukumu za kawaida juu yao ni mbili. Mwenye kuhubiri husema kwamba hiyo ni kiburi, na mfanya biashara husema kwamba hiyo ni bei. Hukumu zote mbili ni fupi mno, kwa maana zote mbili hupita juu ya swali la kwanza la uhakiki, yaani: msemaji huyu anasema katika utanzu gani, na je, anaufuata vyema?

Swali hilo lafaa kuulizwa hasa kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na lugha zake, Kihangaza na Kishubi, ni ndugu za Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Biharamulo iko mashariki yake, njiani kuelekea nchi za Wazinza na Wasukuma. Zimekaa, basi, katikati ya mataifa ambayo kujivuna kwao si tabia tu, bali ni sanaa yenye kanuni. Wahaya wana ebyebugo. Wahima wa Ankole wana ebyevugo. Wanyarwanda wana ibyivugo. Majina yote hayo yametoka katika tendo moja, la kujisema mwenyewe, na kiambishi cha kujirejea kilichomo ndani yake ni ndugu wa ji- ya Kiswahili katika kujigamba na kujinaki. Mwaka 1964 H. F. Morris alitoa kitabu juu ya tungo hizo za Wahima. Baadaye M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera aliyeandika tasnifu yake juu ya tendi za enanga za Wahaya, aliupa utanzu huu nafasi yake katika mgawanyo wa fasihi simulizi, na neno kivugo likapata makao katika uhakiki wa Kiswahili.

Kivugo kina masharti matatu yasiyoweza kuachwa. La kwanza ni tendo. Mwenye kujivuna hujipa jina la sifa, na jina hilo hulipwa kwa kitendo: alizuia adui kivukoni, aliokoa ng'ombe walionyang'anywa, hakukimbia wenzake walipokimbia. La pili ni mahali na watu. Hutajwa kilima, mto, na rafiki aliyesimama kando, hata msikilizaji akaweza kwenda kuuliza. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni shahidi. Shujaa wa Kihaya alisimama mbele ya Mukama na mkuki mkononi, na mbele ya watu waliokuwako vitani pamoja naye. Aliweza kutia chumvi, maana chumvi ni haki ya msanii; lakini hakuweza kutunga vita ambavyo havikuwako. Kwa hiyo majivuno ya kivugo yalikuwa namna ya kujitia mtihanini. Aliyejisifu leo alikuwa amejifunga kutenda vivyo hivyo kesho, na maneno yake yalikuwa kiapo kwa mfalme kama yalivyokuwa sifa kwa nafsi yake.

Ikiwa kujivuna kwa ulimi kulikuwa na masharti hayo, yafaa kutazamwa jinsi pambo la mkononi lilivyoingia katika nchi hizo. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant ulipita katika ufalme wa Rusubi, ambao Speke aliuandika Usui, na ambao nchi yake leo imegawanyika katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Mfalme wake, ambaye Speke alimwita Suwarora, aliwatoza hongo nzito ya nguo, ushanga na masango. Masango ni nyaya nene za shaba, na nyaya hizo zilikuwa malighafi ya vikuku na bangili. Mkono, basi, ulikuwa mahali pa kusomewa cheo zamani kabla saa haijafungwa juu yake. Katika mizigo ya msafara huo zilikuwamo pia saa za kupimia safari, na moja ya saa za Speke ndiyo iliyozua uhakiki wa kwanza wa saa ya anasa ulioandikwa katika nchi za maziwa makuu.

Mwaka 1862 Speke alifika kwa Kamrasi, mfalme wa Bunyoro. Kamrasi alimwona akitazama saa, akadhani kwamba hicho ndicho kiongozi kilichomwonyesha mgeni njia kila siku. Alielezwa kwamba hicho ni kifaa cha kujulia wakati. Akauliza bei ya kingine kama hicho, akajibiwa ng'ombe mia tano. Jibu hilo, kwa maelezo ya Speke mwenyewe katika kitabu chake cha 1863, liliwathibitishia watu wa baraza kwamba kifaa kile kina uganga. Maana ni mtu gani mwenye akili timamu awezaye kutoa ng'ombe 500 kwa ajili ya kujua tu saa ya kula? Speke alilisimulia jambo hilo kwa kicheko. Walakini msomaji wa leo akilisoma kwa makini ataona kwamba wenye kuchekwa walikuwa na hoja bora kuliko mchekaji. Walijua kwamba bei kubwa namna ile haiwezi kuelezwa na kazi ya kuonyesha wakati. Lazima kuna jambo jingine ndani yake, nao wakaliita uganga, kwa kuwa hawakuwa na neno jingine. Miaka mia na sitini na zaidi imepita, na wauzaji wa saa hawajapata jibu lililo bora kuliko hilo. Saa ya betri ya bei ndogo huonyesha wakati kwa usahihi kuushinda usahihi wa saa nyingi za thamani zinazokwenda kwa kamani, na jambo hilo limekuwa wazi tangu kampuni ya Seiko ilipoanza kuuza saa ya namna hiyo huko Japani mnamo Desemba 1969.

Hatimaye Kamrasi alipewa saa ile. Samuel Baker alipofika Bunyoro mwaka 1864 alielezwa kwamba saa ya Speke imekufa, na mwenyeji wake akaitamani ya mgeni. Wasemaji wa Kiswahili nao husema saa imekufa, wala hawaoni ajabu. Kitu kinachokwenda kikisimama kimekufa. Lakini yafaa kuzingatiwa kwamba saa iliyokufa haikukoma kuwa na maana. Ilikuwa zawadi ya mgeni kwa mfalme. Ilikuwa na jina la mtoaji, mahali ilipotolewa, na watu walioiona ikitolewa. Kwa kanuni za kivugo, saa ile ilikuwa na mashahidi.

Fasihi ya Afrika Mashariki imelirudia jambo hili kwa ustadi zaidi katika Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyotoka Nairobi mwaka 1966. Sehemu ya saba ya utungo huo yahusu wakati. Wasomaji wengi huikumbuka kama shitaka la Lawino dhidi ya Ocol, mume ambaye wakati umekuwa bwana wake na ambaye humkaripia mkewe kwa kutojua saa. Shitaka hilo limo kweli. Lakini limo pia jambo ambalo wasomaji hulipita upesi: Lawino anaipenda saa ya nyumbani. Hajui kuisoma, walakini anakiri kwamba yamtia fahari, kwamba ni nzuri kutazama, na kwamba wageni wajapo huvutiwa nayo sana. Ocol anaitumia saa naye ameikubali iwe kongwa shingoni mwake. Lawino haitumii, naye ndiye mwenye kuifurahia. Kwa hiyo kati ya wawili hao, aliye karibu zaidi na mkusanyaji wa saa wa leo ni Lawino, mwanamke aliyesimama upande wa mila. Okot alikuwa mtaalamu wa mambo ya jamii kama alivyokuwa mshairi, na hapo alionyesha kweli isiyopendeza pande zote mbili: kwamba kupenda pambo hakukuja na Wazungu, na kwamba utumwa wa saa unaweza kumpata mtu asiyejivuna kwayo hata kidogo.

Ngara yaongeza hoja yake yenyewe katika shauri hili, nayo ni hoja ya jua. Saa za Tanzania hufuata mstari wa digrii 45 za mashariki, ambao hupita baharini, nje ya pwani yote ya nchi. Ngara iko karibu na digrii 30 na nusu na kitu. Hesabu yake ni kwamba jua hufika utosini Ngara, kwa wastani wa mwaka, yapata dakika 57 baada ya saa kuonyesha adhuhuri. Yaani saa saba kasoro dakika tatu. Biharamulo hali yake ni karibu iyo hiyo. Saa kumi na mbili za asubuhi, ambazo kwa jina lake zapasa kuwa mapambazuko, huku ni giza. Mtu akivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, au mpaka wa Kabanga kuingia Burundi, hurudi nyuma saa nzima: saa nne za upande huu ni saa tatu za upande wa pili, na jua ni lile lile. Dereva wa lori apitaye Rusumo hubeba saa mbili kichwani. Juu ya hayo, akiwa msemaji wa Kiswahili, hutafsiri kila mara atazamapo mkono wake, kwa kuwa mshale unapoelekea saba yeye husoma moja, na unapoelekea kumi yeye husoma nne. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Rolex ilitengeneza saa yenye mshale wa nne, ili marubani wa Pan American waweze kuona saa za mahali pawili kwa mara moja. Saa za namna hiyo leo zasakwa na wakusanyaji. Jambo ambalo rubani alitengenezewa kwa gharama, dereva wa Rusumo hulitenda kwa akili yake bila malipo wala sifa. Na lau kungekuwa na kivugo cha siku hizi, hilo lingekuwa tendo lifaalo kutajwa.

Hapa uhakiki wafika kwenye kubadili saa, ambako ubishi wa wapenzi wa saa ni mkali. Wako wasemao kwamba saa isiguswe, ibaki kama ilivyotoka kwa mtengenezaji. Wako waondoao uso wa asili wakatia mwingine, na wako wajazao almasi juu ya kila pande la chuma hata mishale isionekane. Mifano miwili yatosha kuonyesha kwamba ubishi huo ni wa kifasihi. Wa kwanza ni wa Omani, nchi yenye jamaa wengi wasemao Kiswahili. Katika enzi ya Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hata 2020, saa za Rolex na za makampuni mengine ya Uswisi zilitiwa nembo ya jambia na panga usoni, zikatolewa zawadi. Saa hizo zimebadilishwa kwa maana ya kuongezwa alama isiyokuwako katika saa nyingine za aina yake. Walakini wakusanyaji huzilipia zaidi. Wa pili ni saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyopewa na mkewe, na nyuma yake mke akachora maneno ya kumwonya aendeshe gari kwa uangalifu. Saa hiyo iliuzwa mnadani New York mwezi Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 17. Chuma chake hakizidi ubora chuma cha saa nyingine za namna ile. Kilichonunuliwa ni hadithi: mtoaji, mpokeaji, na upendo wenye wasiwasi.

Almasi zilizojazwa baadaye juu ya saa hazina hadithi kama hiyo. Husema neno moja tu, nalo ni bei. Na aghalabu bei yenyewe husemwa kwa uongo, kwa kuwa saa iliyojazwa vito na mkono wa nje hupoteza sehemu ya thamani yake kwa wajuzi. Kwa mizani ya kivugo, kosa lake halimo katika kung'aa. Kosa ni kwamba limeongezwa jina la sifa ambalo halikutanguliwa na tendo. Kinyume chake ni yule fundi kijana anunuaye Seiko 5, saa iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 na kupendwa sana na watu wa kipato cha wastani, akaifungua, akabadili uso, mishale na kioo kwa mikono yake. Akiionyesha kazi yake na kujivuna, amejivuna kwa tendo. Aweza kuulizwa alifanyaje, naye aweza kujibu. Huyo yu ndani ya utanzu, hata kama saa yake ni ya bei ndogo.

Lugha ya watu nayo imekwisha kutoa hukumu yake kwa njia ya mzaha. Nchini Uganda, chapati iliyokunjwa pamoja na mayai huitwa rolex. Jina limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa, yakabanwa mpaka yakafanana na jina la saa ya kitajiri. Ni vigumu kupata tashtiti fupi kuliko hiyo. Kitu ambacho wachache hukifunga mkononi, wengi hukishika mkononi na kukila, na jina lile lile huwatosha wote wawili. Methali ya Kiswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rolex ya kuliwa hujiuza.

Yaweza kupingwa kwamba kivugo nacho kilisifu mali, kwa kuwa zipo tungo za kusifu ng'ombe, na ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa pambo la matajiri wa nchi hizo kama saa zilivyo leo. Pingamizi hilo ni la haki, wala lisifichwe. Wahima walisifu rangi, pembe na mwendo wa ng'ombe wao, na hawakuona haya. Lakini ng'ombe aliyesifiwa alikuwa na jina lake. Mama yake alijulikana. Mwenye kumsifu alikuwa amemchunga, amemnywesha, na pengine amempokea kwa mahari au kwa urafiki. Ng'ombe aliunganisha watu. Aliyetoa ng'ombe alipata mtu, na aliyepokea alikuwa na deni la heshima. Saa ya Kamrasi, saa za Qaboos na saa ya Newman ziko karibu na ng'ombe huyo. Saa iliyonunuliwa dukani ili kumnyamazisha jirani iko mbali naye.

Kuna jambo la mwisho, ambalo uhakiki uliofanywa kutoka mahali hapa hauwezi kulinyamazia. Saa ya dhahabu ya karati 18 ina robo tatu za dhahabu tupu. Saa ya chuma kisichoshika kutu ina nikeli ndani ya chuma chake. Dhahabu ilichimbwa Tulawaka, wilayani Biharamulo, tangu 2005. Mwaka 2013 wenye mgodi wa kwanza waliondoka na shirika la umma la madini, STAMICO, likauchukua. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara, nayo ilijulikana kwa miongo mingi kabla ya mkataba wa Januari 2021 ulioipa Serikali ya Tanzania hisa za asilimia 16 katika mradi wake. Haisemwi hapa kwamba saa fulani imetoka katika shimo fulani. Madini yakiyeyushwa hupoteza ukoo. Hilo ndilo la kutafakari. Ng'ombe alijulikana mama yake, na shujaa alijulikana kilima chake. Lakini pambo lijivunalo kuliko yote limetengenezwa kwa vitu visivyoweza kutaja kwao. Mvaaji aweza kueleza mwaka na namba ya saa yake, jina la mtengenezaji, hata mtindo wa skrubu zake. Akiulizwa dhahabu hiyo ni ya nchi gani na ilichimbwa na nani, hana mstari wa kuongeza. Kivugo chake hukatika mahali ambapo mshairi wa zamani angeanza.

Kwa hiyo hukumu si kwamba saa za thamani zisivaliwe, wala si kwamba anayezikusanya ni mpumbavu. Watu wa Kagera na jirani zao hawakuwa watu wa kuficha uzuri, na fasihi yao haiwaruhusu wahakiki kuhubiri unyenyekevu ambao mababu hawakuufuata. Hukumu ni kwamba kujivuna ni sanaa yenye madeni. Anayejivuna kwa pambo, kama anayejivuna kwa ulimi, yapasa aulizwe maswali matatu: tendo gani, mahali gani na pamoja na nani, na shahidi ni nani. Wanafunzi wa fasihi wakiyachukua maswali hayo wakaenda nayo mbele ya nyimbo za siku hizi, picha za watu mashuhuri na mikono ya wakubwa mikutanoni, wataona kwamba utanzu wa kivugo haujafa hata kidogo. Waliokoma kufika ni mashahidi.